Witiri na Shufwa

Yangu niliinunua mpya,
majira mawili ya baridi nikiosha magari ya watu
hadi vidole vikapasuka, vikakataa kalamu.
Ya kaka Tomorbat ilitoka ukumbi wa gemu uliofilisika
kule nyuma ya soko la Narantuul,
ikinuka sigara za watu wasiolala.
Toleo moja, kiwanda kimoja, weusi uleule.
Tukazilaza mezani ubavu kwa ubavu.
Mama akauliza: "Mmenunua matofali?"

Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakuiona madabodi yetu,
yenye vihori viwili.

Ya kwanza tuliichomeka, ka! ikaitika.
Ya pili ikagoma. Tukaisukuma kwa dole gumba,
skrubu moja haikuwapo, tukaiegemeza kwa kipande cha penseli.
Kisha daraja:
kitu kifupi kama kidole cha mtoto,
huvikwa kadi zote mbili utosini
ili hii ijue mwenzake amefika wapi.

Maana kazi yao ni zamu.
Hii huchora picha za witiri, ile za shufwa,
moja, mbili, tatu, nne,
upesi hata jicho likaamini ni mkono mmoja.
Ndivyo tulivyolala na sisi, kitanda kimoja:
yeye akirudi alfajiri kutoka mtambo wa makaa,
mimi nikiondoka kwenda chuo,
shuka halikupata kupoa.

Zilipokuwa peke yake kila moja, fremu arobaini na nane.
Pamoja, themanini na tatu.
"Mbona si tisini na sita?"
Tomorbat akacheka. "Hata mapenzi hukatwa kodi."

Ya juu ndiyo iliyoteseka.
Ilivuta pumzi iliyokwisha kutumiwa na ya chini,
nyuzi tisini na moja, feni zikipiga mayowe.
Na nje, thelathini chini ya sifuri!
Basi tukafungua kidirisha.
Moshi wa mtaa mzima wa Bayanhoshuu ukaingia,
mama akaingia nyuma yake, kofia ya manyoya kichwani,
akatutazama, akaitazama mashine,
akakokota kigoda hadi pale inapotemea joto,
akaketi, akaendelea kufuma soksi.

Si kila gemu ilikubali uwili.
Nyingine picha ilisema kwa kigugumizi.
Nyingine zilichagua moja tu,
ya pili ikabaki macho, feni zinazunguka,
inakula umeme, haijaitwa.
Naijua sura hiyo.
Niliiona kwa Tomorbat mtambo ulipofungwa,
saa nne asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda,
buti ziko miguuni, kamba zimefungwa.

Mwezi wa pili akaenda Incheon kuchomelea vyuma.
"Uza yangu," alisema, "ulipe ada."
Ada nililipa kwa njia nyingine.
Siku nilipofungua kasha nifute vumbi
nilikuta kadi zote mbili,
penseli ipo,
daraja halipo.

Nilipekua chini ya kitanda, mifuko ya makoti,
hata kikapu cha nyuzi za mama.
Wiki ya tatu akatuma picha: funguo za bweni,
na kando yake, kimetobolewa kikapitishwa uzi,
kile kidole cha mtoto.
"Afisa wa forodha aliniuliza ni nini," aliandika.
"Nikakosa neno la Kikorea."

Siku hizi kadi moja, nyembamba,
hushinda zetu mbili na chenji ikabaki.
Gemu mpya hazijui tena kuhesabu hadi mbili.
Usiku naiwasha, witiri zangu, shufwa zangu,
na mama bado huja na kigoda chake,
hupeleka kiganja nyuma ya mashine,
husema upande wa chini
hautoi joto kama zamani.